Samaki Walipokula Gati la Kigoma

Wajukuu zangu, nyinyi mnaopita hapa Ujiji na simu zenu mkononi, kila mkisimama barazani kwangu kuniomba siri ya picha za zamani nawapa jibu lile lile: siri ni maji. Mnacheka. Mnatazamana kama watu wanaosema bibi huyu sasa anazeeka vibaya. Basi nimeamua kuandika, maana mdomo umechoka kurudia. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini mwanamke mwenye miaka sabini na kitu anaweza kuapa kwamba samaki wa Ziwa Tanganyika waliwahi kula gati zima la Kigoma na winchi zake, na kidogo wamle na yeye.

Naitwa Zaituni binti Juma, mzaliwa wa Ujiji, mtoto wa mvuvi. Miaka arobaini nimekula kwa kamera. Nimepiga stesheni na matao yake, misikiti na makanisa, nyumba za udongo za Ujiji zenye milango ya mbao nzito, maghala ya bandari, mitumbwi iliyopumzishwa mchangani. Nyingi ya picha hizo ni nyeusi na nyeupe, na sioni haya. Rangi ilipofika niliitumia, lakini ukuta wa zamani hausemi kwa rangi, unasema kwa kivuli. Ukitaka kujua umri wa nyumba, nenda jua likiwa limelala pembeni, utaona kila ufa na kila kiraka alichoweka fundi.

Lakini sikuanza kwa kupiga. Nilianza kwa kusafisha, yaani kuitoa picha kwenye filamu kwa dawa, ndani ya chumba cha giza, wakati mwenye kamera yuko nje anapigiwa makofi. Mwenye kamera alikuwa Mzee Masudi, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mkavu, aliyefanya kazi reli mpaka goti likamshinda, kisha akafungua studio nyuma ya soko la Kigoma. Kamera yake ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye mfuko wa ngozi unaokunjuka mbele, na stendi ya miguu mitatu. Anayepiga anajifunika kitambaa cheusi kichwani ili aone kioo cha nyuma. Waliomlisha Mzee Masudi walikuwa maharusi na watoto waliovalishwa soksi. Yaliyomfurahisha ni majengo.

"Jengo halipepesi macho," alikuwa akisema, "wala halirudi kesho kulalamika limetoka na pua kubwa."

Alinichukua nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimeachika, niko kwa baba namsaidia kuanika dagaa. Alitaka mtu mwenye mikono mitulivu. Mimi nilichokitaka kilikuwa kimoja, na nakisema wazi: nilitaka kuingia chini ya kile kitambaa cheusi, nitazame kwa jicho langu, nibonyeze kwa kidole changu. Nilipomwomba mara ya kwanza alisema, "Binti, kamera siyo sufuria." Mara ya pili alijifanya hasikii. Mara ya tatu akasema tutaona masika, na masika yalipofika akasema tutaona kiangazi. Roho iliniuma, siwadanganyi. Nilikuwa naijua kila picha yake kuliko yeye mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyeziona zikizaliwa.

Hata hivyo, kazi alinifundisha, Mungu amrehemu. Filamu za kamera ile zilikuwa vipande vipande, ukubwa wa kiganja, na unazishika kwenye giza totoro. Upande mmoja una dawa na mwingine hauna. Utajuaje? Unagusisha kona mdomoni. Upande wenye dawa unanata. Ndiyo maana sisi wasafishaji hatukupaka mafuta midomoni tukiwa kazini. Siku moja nilitoka kula samaki, mgebuka wa kukaanga, bila kunawa vizuri, nikagusisha huku kunateleza, nikagusisha kule kunateleza, nikabahatisha. Stesheni ya Kigoma ikatoka ukungu mtupu. Mzee Masudi aliitazama ile picha, akanusa vidole vyangu, akasema kesho nije nimekula ugali kwa maharage.

Na saa je? Gizani huoni saa. Mzee alinifundisha kuhesabu kwa reli. Filamu ikiingia kwenye dawa, wewe unaondoka Tabora. Usoke, unapumua. Urambo, unapumua. Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba, mpaka Kigoma, halafu unarudi kwa njia ile ile. Safari kumi za kwenda na kurudi, filamu imeiva. Ukipita haraka picha inatoka mbichi, ukisinzia njiani inaungua. Mpaka leo sijawahi kufika Urambo kwa miguu yangu, lakini nimepita pale mara nyingi kuliko dereva yeyote wa treni.

Sasa nije kwenye lile gati.

Masika moja, mvua zikiwa zimekolea, meneja wa bandari wa wakati huo alikuja studio mwenyewe. Walikuwa wanajenga ukumbi mpya, wageni wangefika baada ya wiki tatu kuufungua, na ukuta mkubwa wa mbele ulikuwa mtupu. Alitaka picha ya ufukwe wote wa mji unavyoonekana kutoka majini: maghala, gati, stesheni, nyumba za mlimani, kuanzia mawe ya upande mmoja mpaka ghala la mwisho upande wa pili. Hakuna kamera ambayo ingeubeba mji mzima kwa mara moja. Ilibidi kupiga vipande vitano vinavyofuatana, kisha kuviunga. Mzee Masudi aliitikia kabla yule bwana hajamaliza kusema. Hiyo ndiyo kazi aliyoisubiri maisha yake yote.

Meli kongwe ya ziwa letu ilikuwa imetia nanga nje kidogo ya gati. Mzee akaomba ruhusa, akapanda na kamera, akasimama juu ya sitaha tulivu kama sebuleni kwake, akapiga vipande vitano alasiri moja. Kesho yake meli ikaondoka kwenda kusini. Studio nzima tulikuwa na filamu kumi na mbili tu za ukubwa ule, na boksi jingine lilikuwa Dar es Salaam, linasubiri mtu wa kulileta. Baada ya vile vitano tukabaki na saba.

Nilivisafisha vile vitano kwa uangalifu wote. Nilikwenda Tabora na kurudi mara kumi kwa kila kimoja. Vikatoka safi, kila tofali linahesabika. Kilichobaki ni kuvisuuza dawa, na hapo filamu inataka maji yanayotembea, saa nzima. Nikafungua bomba. Bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.

Nyinyi mngefanya nini? Mimi nilikuwa mtoto wa ziwa. Nilikua naona jiwe chini ya maji kimo cha watu wawili, nikijua hakuna maji masafi duniani kupita yale. Nikachukua kikapu, nikavibana vile vipande ndani kwa vibanio vya nguo kimoja kimoja, nikashuka ufukweni penye mawe, nikakifunga kikapu kwa kamba, nikakizamisha. Mawimbi yanaingia, mawimbi yanatoka. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba Mzee Masudi hajawahi kuwa na akili hiyo. Nikakaa juu ya jiwe, nikaongea na mama mmoja aliyekuwa anafua, tukasengenya watu wawili watatu, saa ikapita.

Nilipokivuta kikapu, kilitoka na visamaki. Vidogo, vyenye mistari, vile vinavyokaa kwenye mawe, zaidi ya ishirini. Vilirukaruka vikarudi majini, vimeshiba. Nikainua kipande cha kwanza juani. Nusu ya mbingu haipo. Cha pili, kona ya stesheni imeumwa. Cha tatu kilikuwa kioo kitupu katikati, kama dirisha.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ile dawa ya picha hushikizwa kwenye filamu kwa gundi inayopikwa kwa mifupa na ngozi za ng'ombe, na ikilowa inakuwa laini. Kumbe nilikuwa nimewapelekea supu.

Nilirudi studio nikitembea kama mtu anayekwenda kuaga maiti. Mzee Masudi alikuwa anakata fremu. Akakinyanyua kile cha tatu kwenye mwanga.

"Gati liko wapi?"

"Limeliwa, Mzee."

"Limeliwa na nani?"

"Samaki."

Akakiweka mezani taratibu. "Nimeona picha zimeliwa na panya," akasema. "Nimeona za mende, nimeona za mchwa. Samaki, hapana."

Hakunipiga wala hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikaa kwenye lile benchi la maharusi, akashika goti lake bovu, akasema, "Nimempa mtu neno langu, Zaituni. Mimi hapa ni mgeni, sina ukoo, sina shamba. Kilichonikalisha Kigoma ni neno langu. Picha ikikosekana nafunga mlango, narudi kwetu. Na wewe unarudi kwenye dagaa." Kisha akaingia ndani. Nililia siku ile, na sikulia kwa sababu ya dagaa, maana dagaa ndio walionikuza. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemvunja mtu aliyeniamini.

Siku iliyofuata tulikodi mtumbwi. Mzee alisema angepiga kutoka pale pale meli ilipokuwa. Nilimwambia mtumbwi mmoja hautasimama, akasema yeye amepiga picha juu ya behewa linalotembea. Haya, tukaenda. Hatujafika mbali uso wake ukawa wa kijivu, kisha akainama ubavuni akatapika chai yote ya asubuhi, mimi nimeikumbatia kamera kwa mikono miwili. Akajikaza, akapiga viwili. Nilipovisafisha, kila kimoja kilikuwa na miji ya Kigoma miwili, mmoja juu ya mwenzake, na stesheni mbili zinazozozana. Tukabaki na filamu tano, nazo ndizo hesabu kamili ya picha iliyotakiwa.

"Mimi sipandi tena kitu kinachoelea," akasema Mzee. "Hata nikifa msinivushe."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilimweleza kuhusu ile mitumbwi miwili inayounganishwa kwa magogo, ambayo wavuvi wetu huitumia kutega wavu katikati na kuwavuta dagaa kwa mwanga wa taa. Nilimwambia mitumbwi ikifungwa pamoja hivyo, mmoja ukitaka kuinama mwenzake unaukatalia. Juu ya magogo unatandika mbao, juu ya mbao unasimamisha kamera. Nikamwambia pia kwamba siku nne zijazo mwezi utakuwa mpevu. Mtoto wa mvuvi anajua: mwezi ukijaa, taa haivuti dagaa, na vyombo vyote vinalala ufukweni. Tungeviomba.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na nani atakayepiga?" akauliza.

Sikuthubutu kusema ni mimi.

"Atapiga aliyewalisha samaki," akasema, akaendelea kukata fremu yake.

Sasa, nyinyi mnaona wanawake wananunua samaki, wanakaanga, wanasafirisha dagaa mpaka Kongo. Lakini kupanda chombo cha kuvulia, siku zile, wavuvi wengi hawakutaka hata kusikia. Ni mkosi, dagaa wanahama. Nilikwenda Kibirizi, ufukwe wa wavuvi, asubuhi, nikawakuta wamekaa wanaziba nyavu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Bigirimana, aliyevua pamoja na marehemu babu yangu.

"Mwakeye, baba," nikamwamkia kwa Kiha, kisha nikapiga goti, "shikamoo."

"Marahaba, binti Juma. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kuomba chombo."

"Cha kubebea nini?"

"Cha kunibeba mimi na kamera."

Wote wakaacha nyavu. Kijana mmoja akasema, "Mwanamke kwenye chombo? Tutarudi hapa tunakula mchanga!"

"Leo mnavua?" nikamuuliza.

"Tutavua nini, na mwezi huu?"

"Kesho?"

"Nayo bado."

"Basi kama hakivui, siyo chombo cha kuvulia. Wiki hii ni mbao tu mbili zimefungwa kamba. Ningekuja kuomba kitanda mngeniambia ni mkosi?"

Mzee Bigirimana alicheka mpaka akashika tumbo. "Ego!" akaitikia kwa Kiha. "Huyu kamrithi bibi yake mdomo. Sawa, binti. Ila sikiliza. Giza likirudi tukaenda kuvua, tukakosa, utakuja wewe mwenyewe hapa uwaeleze wake za watu hawa watakula nini."

"Nitakuja," nikasema.

Mzee Masudi alikuwa na msemo wake kuhusu mwanga wa ziwa hili, nao nawaachia nyinyi kama urithi. Sisi tuko upande wa mashariki. Asubuhi jua linatokea nyuma ya mji, kwa hiyo majengo yanayotazama maji yana giza usoni. Watu wengi wanapiga asubuhi kwa sababu maji yametulia, halafu wanashangaa stesheni imenuna. Jua linaupiga mji usoni alasiri, likielekea Kongo, lakini alasiri ndipo upepo unapochezea maji. Na kiangazi kuna moshi wa nyasi zinazochomwa, hata milima ya ng'ambo huioni. Unachotafuta ni alasiri ya masika, mvua ikishakata. Mvua inafua hewa, upepo unachoka, na unapata saa moja hivi ambayo kila kitu kimesimama. "Hiyo ni saa ya mji kupigwa picha," alikuwa akisema Mzee Masudi. "Saa nyingine zote ni za kunywa chai."

Siku ya kwanza ya mwezi mpevu mvua haikukata. Siku ya pili hakukunyesha kabisa, upepo ukavuma mpaka jua likazama. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwetu, maana kazi ya kuunga na kukausha ilitaka siku zake. Ilinyesha mchana, mvua ya kishindo, na saa tisa ikakata ghafla. Mzee Bigirimana akatazama mawingu, akapiga makofi mawili, wakasukuma.

Nilimwacha Mzee Masudi amesimama ufukweni. Nilivua viatu, akavipokea.

Walitia mawe mawili kwa kamba, moja mbele, moja nyuma, ili chombo kisizunguke. Nikafunga miguu ya stendi kwenye mbao, nikaning'iniza tofali katikati yake liikandamize. Kwenye lensi nikaweka kile kioo cha njano, ambacho kwa picha nyeusi na nyeupe hulitia anga giza kidogo, mawingu yakaonekana. Kisha nikajifunika kitambaa cheusi.

Jamani. Nilikuwa nimesubiri miaka mitatu. Kwenye kioo cha nyuma kila kitu kimepinduka: ziwa liko juu, na mji unaning'inia chini, stesheni na matao yake, mabati ya maghala yaliyolowa yanang'aa, nguo za mtu zimesahauliwa kwenye kamba mlimani. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa kile kitambaa kwa sababu niliona yanaharibu kazi.

Chombo kilikuwa kinapumua. Hata mitumbwi miwili, ziwa linainyanyua na kuishusha. Nikakaa kimya nikisikiliza miguu yangu. Juu kabisa, kabla hakijaanza kushuka, kuna kitambo kidogo ambacho kinatulia. Nilimwambia Mzee Bigirimana nikigonga mbao kwa kisigino, mtu yeyote asipumue. Nikagonga. Nikabonyeza. Kipande cha kwanza. Nikaigeuza kamera kidogo, nikiacha theluthi moja ya kipande cha kwanza ionekane tena kwenye cha pili, maana bila hivyo huna pa kuungia. Nikagonga. Cha pili. Cha tatu kilikuwa gati, nikalipiga nikimwomba Mungu, nikiwaambia samaki wa chini, hili mtaliona kwa macho tu.

Cha nne, wingu likafunika jua.

Vijana wakaanza kunung'unika. Ningeweza kuifungua lensi iingize mwanga zaidi, lakini anga la kipande kile lingetofautiana na la wenzake, na kiungo kingeonekana kama kiraka kwenye kanzu. Nikasema tunangoja. Yule kijana wa Kibirizi akauliza tunangoja mpaka lini. Mzee Bigirimana akamjibu, "Wewe ukitega wavu huwa unawauliza dagaa watakuja lini?" Tukangoja. Upepo ukaanza kunigusa shingoni. Maji yakaanza kukunjamana kwa mbali, nikayaona yanakuja. Kisha jua likatoka chini ya wingu, likaupiga mji wote kwa mara moja, nikagonga, nikapiga cha nne, nikageuza, nikagonga, nikapiga cha tano, na mawimbi yakatufikia yakainyanyua ile mitumbwi mpaka vijana wakapiga kelele. Nikabaki nimeikumbatia kamera nikicheka kama mwehu.

Kusuuza, safari hii, sikusogelea ziwa. Nilikuwa nimekinga maji ya mvua kwenye mapipa, chini ya bati. Nilibadilisha beseni mara kumi na mbili kwa kila kipande. Tena nikagundua jambo ambalo hata Mzee Masudi hakulijua: maji ya mvua hayaachi yale madoa meupe ambayo ya bomba na ya ziwa huyaacha picha ikikauka. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu, picha zangu zote kubwa nilizisuuza kwa mvua. Sasa mmejua siri ni nini, na wale walioniona kichaa waje waombe radhi.

Baada ya kuvichapa vile vipande kwa ukubwa kwenye karatasi, kuunga ndiko kulikotuchukua siku nyingi, mimi na Mzee tukiwa tumeinama juu ya meza moja. Nyinyi simu zenu zinaunga zenyewe, mnazungusha mkono tu, na mara nyingine mtu anatoka na miguu mitatu. Sisi tulikata kwa wembe, na hatukukata mstari ulionyooka. Ukikata anga kwa mstari, jicho linauona hata ukiwa mlangoni. Unafuata kitu: pembe ya ghala, shina la mti, mlingoti, ukingo wa paa. Kiungo kinajificha mle mle ambamo jicho limezoea kuona mstari. Mzee alinipa wembe nikate kile cha gati. Mkono wangu haukutikisika. Picha ikatimia, ndefu kupita meza, na nilipoitazama niliona uzuri wa mji ambao nilikuwa naupita kila siku nikiwaza bei ya mkaa. Nilijivuna. Najivuna mpaka leo, na atakayeniambia kujivuna ni dhambi akapige ya kwake kwanza.

Na dagaa? Giza liliporudi, Mzee Bigirimana na wenzake waliwapata wengi mpaka mchanga wa Kibirizi ukawa mweupe. Mimi sidhani kwamba nilihusika. Ila waliponiita mwenye baraka sikuwakatalia.

Siku ya kufungua ukumbi walijaa wakubwa wa mji, wenye suti na wenye kanzu. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, katikati ya akina mama waliopika pilau. Mzee Masudi aliketishwa mbele, amevaa koti lake la reli lililopigwa pasi. Waliposhusha shuka iliyoifunika picha, watu wakaanza kunyanyuka kwenye viti. Wakawa wanasogelea ukutani na kuonyesha kwa vidole: kwangu kule, ofisi yangu hii, tazama hata nguo kwenye kamba. Mtu mmoja alihesabu matao ya stesheni kwa sauti.

Meneja alimshika Mzee Masudi mkono, akamzungusha kwa wageni. "Huyu ndiye fundi wetu," akawaambia. Kisha akamuuliza, kila mtu akisikia, "Mzee, nimekaa bandarini miaka, najua ziwa hili. Meli ilikuwa imeondoka. Ulisimama wapi ukapiga picha iliyotulia namna hii?"

Niliinamisha kichwa. Niliwaza, hapo ndipo, Zaituni, kazi yako inapochukua jina la mtu mwingine, na wewe urudi chumba cha giza, na ndivyo dunia ilivyo. Nilishajiandaa kusamehe.

Mzee Masudi alikohoa. "Muulizeni mwenyewe aliyepiga," akasema, akanyoosha kidole mpaka nyuma kwenye mlango. "Mimi siku ile nilikuwa ufukweni, nimemshikia viatu vyake."

Ukumbi mzima ukageuka kunitafuta, na mimi nikasimama.